Waziri wa kilimo wa jimbo nchini Kongo: ana uwezo gani juu ya unga wako?

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Machi, ghala za vijiji vya Katanga huwa karibu tupu. Mahindi mapya bado yako shambani, na yale ya mavuno yaliyopita yamekwisha kuliwa au kuuzwa. Ndicho kipindi ambacho mfuko wa unga wa kilo 25 hupanda bei Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na watu huanza kuulizana: waziri wa kilimo yuko wapi? Mmoja anamlaumu waziri wa Kinshasa. Mwingine anasema tuna waziri wetu wa jimbo, huyo ndiye atujibu. Wa tatu anakata shauri kwamba wa jimbo hana lolote, cheo chake ni cha kukata utepe tu.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, na wote watatu wanaweza kuwa wamempelekea swali mtu asiyehusika. Mkanganyiko huu unawagharimu wananchi, kwa sababu kiongozi anayelaumiwa kwa yasiyo yake hupata mahali pa kujificha anapoulizwa yaliyo yake. Kwa hiyo tuanze taratibu.

Huyu waziri ni nani?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majimbo 26, ukihesabu na jiji la Kinshasa. Kila jimbo lina bunge lake. Wabunge hao wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na makamu wake kwa muhula wa miaka 5, si wananchi moja kwa moja. Gavana akishachaguliwa, anateua mawaziri wa jimbo, ambao Katiba inasema wasizidi 10. Anaweza kuwatoa ndani ya bunge la jimbo au nje yake. Halafu anarudi bungeni na timu yake pamoja na programu yake ya kazi, na lazima apate kura za zaidi ya nusu ya wabunge ndipo serikali yake ianze kazi.

Kikomo hicho cha mawaziri 10 kina matokeo yake. Kazi za serikali ni nyingi kuliko viti, basi wizara hufungwa pamoja. Waziri wa kilimo wa jimbo kwa kawaida hubeba pia uvuvi, mifugo na maendeleo ya vijijini, na katika serikali nyingine huongezewa mazingira au jambo lingine kabisa. Ukisikia cheo chake kikisomwa redioni kwa pumzi mbili, sababu ni hiyo.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa, maana kwake mkoa hauna waziri. Una mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais, na bwana shamba anafanya kazi chini ya halmashauri ya wilaya. Mkenya ataelewa haraka zaidi. Tangu 2013 kaunti 47 za Kenya zina magavana na mawaziri wa kaunti, na kilimo ni mojawapo ya kazi walizokabidhiwa na Katiba ya 2010. Ila Mkenya anampigia gavana wake kura mwenyewe. Mkongomani anampigia mbunge wa jimbo, mbunge anamchagua gavana, gavana anamteua waziri. Kutoka kura ya mkulima wa Kasenga mpaka kiti cha waziri wa kilimo kuna hatua tatu.

Karatasi inampa nini

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inagawa kazi katika mafungu matatu: zile za serikali kuu peke yake, zile ambazo serikali kuu na majimbo wanashirikiana, na zile za jimbo peke yake. Fungu la tatu liko kwenye kifungu cha 204, na kilimo kimo humo.

Kinachoandikwa hapo si kidogo. Jimbo linatunga programu za kilimo na misitu na kuzitekeleza, mradi zilingane na mpango wa taifa. Linawapangia wafanyakazi wa kilimo vituo vyao, kwa kufuata kanuni za utumishi wa umma. Linatekeleza sheria za nchi kuhusu kilimo, misitu, uwindaji na uvuvi. Linaandaa na kusimamia misimu ya kilimo. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Katiba inalipa jimbo hata kazi ya kupanga bei za mazao ya kilimo.

Kinshasa inabaki na nini? Inatunga sheria zenyewe za msingi, kama ile ya tarehe 24 Desemba 2011 inayoweka misingi ya kilimo kwa nchi nzima. Inasimamia forodha na mipaka. Idara ya kuthibitisha mbegu, SENASEM, ni ya taifa. Taasisi ya utafiti, INERA, ni ya taifa, ingawa vituo vyake viko majimboni, kwa mfano Mulungu kule Kivu Kusini na Kipopo karibu na Lubumbashi. Mikataba na nchi jirani ni ya taifa.

Hapa ndipo pa kuondoa dhana ya kwanza, ile inayosema waziri wa jimbo ni msaidizi wa waziri wa taifa. Sivyo. Waziri wa Kinshasa hakumteua na hana uwezo wa kumfukuza. Sheria ya tarehe 31 Julai 2008 kuhusu uendeshaji huru wa majimbo inasema waziri wa jimbo anaongoza idara yake na kutekeleza programu ya serikali ya jimbo chini ya uongozi wa gavana, na maamuzi yake hutoka kwa amri za maandishi zenye sahihi yake. Wakubwa wake ni wawili: gavana aliyemteua, na bunge la jimbo linaloweza kumwita, kumhoji na kumwangusha kwa hoja ya kutokuwa na imani naye.

Uhuru huo, hata hivyo, una ufa. Mwaka 2011 Katiba ilirekebishwa, na Rais wa Jamhuri akapewa uwezo wa kumwondoa gavana au kulivunja bunge la jimbo pale panapotokea mgogoro mzito wa kisiasa. Gavana akianguka, mawaziri wake wote wanaanguka naye. Waziri wa kilimo aliyekuwa anasubiri mbegu zake zifike anaweza kufungasha faili zake kwa ugomvi usiohusu hata punje moja ya mahindi.

Pesa ziko wapi, na watu ni wa nani?

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa kabla ya kwenda Kinshasa. Kifungu cha 181 kinaongeza hazina ya kusawazisha majimbo, ya asilimia 10 ya mapato ya taifa, ili majimbo maskini nayo yapate barabara na shule. Majimbo yamekuwa yakililalamikia jambo hili tangu serikali zake za kwanza. Makato ya palepale hayakufanyika kama yalivyoandikwa. Pesa huenda kwanza Kinshasa, kisha sehemu yake hurudishwa, mara nyingi pungufu na kwa kuchelewa.

Wafanyakazi nao wana mkanganyiko wao. Kila jimbo lina ukaguzi wa kilimo, uvuvi na mifugo. Chini yake kuna agronomu, yaani bwana shamba, wa teritwari, ambayo ni kama wilaya, na chini yake tena agronomu wa sekta au wa uchifu, yule ambaye mkulima anamjua kwa sura. Waziri wa jimbo anaweza kumhamisha agronomu kutoka Pweto kwenda Mitwaba. Lakini mshahara wa agronomu huyo unatoka katika orodha ya Kinshasa, na kuna wengi wanaofanya kazi bila kuwamo katika orodha hiyo, wakiishi kwa kilimo chao wenyewe na kwa posho ndogo za miradi ya mashirika. Utamwambia nini mtu kama huyo kuhusu kwenda kijiji kilicho umbali wa kilomita 40 kukagua viwavijeshi, wakati hana pikipiki wala mafuta?

Waziri wa kilimo wa jimbo ni kama mke aliyekabidhiwa jiko la nyumba kubwa huku ufunguo wa ghala ukibaki kiunoni mwa mama mkwe. Wageni wakilala njaa, jina lake ndilo litakalotajwa. Lakini tusimwonee huruma kupita kiasi, maana jikoni kuna mengi ambayo hayangoji ufunguo wa mtu.

Kabla ya hapo, ardhi. Watu wengi wanaamini waziri wa kilimo ndiye anayegawa mashamba makubwa. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na mikataba ya mashamba ya vijijini hutiwa sahihi kulingana na ukubwa: hadi hekta 200 ni gavana, juu ya hapo hadi 1,000 ni waziri wa taifa anayeshughulikia ardhi, na zaidi ya hapo jambo linapanda mpaka kwa Rais na kwa sheria ya bunge. Waziri wa kilimo wa jimbo hayumo katika ngazi hiyo. Anaweza kushauri, anaweza kupinga kwenye kikao cha mawaziri, ila kalamu si yake.

Tulifikaje hapa

Kiti hiki kina historia fupi yenye shimo kubwa katikati, na bila kuijua hatuelewi kwa nini watu wanakitazama kwa hofu na matumaini kwa wakati mmoja.

Chini ya Wabelgiji hapakuwa na waziri wa jimbo. Palikuwa na idara ya kilimo iliyotoka Brussels hadi kijijini kama mstari wa jeshi. Mtu aliyeiunda ni Edmond Leplae, mkurugenzi mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni kuanzia 1910 hadi 1933. Mwaka 1917 mfumo wa mazao ya lazima ukawekwa kisheria: mwanakijiji alipangiwa zao, eneo na siku za kulifanyia kazi, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, siku zikafikishwa 120. Asiyelima pamba aliyopangiwa alipata faini au kifungo. Kwa mzee aliyekulia Lomami au Maniema, neno "kilimo" likitoka mdomoni mwa mtu wa serikali lilikuwa amri yenye adhabu nyuma yake.

Mfumo huo huo ulileta pia elimu ya kweli. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye kituo chake kikuu Yangambi, kando ya Mto Kongo, katika jimbo ambalo leo ni Tshopo. Ilikuwa kati ya vituo vikubwa kabisa vya utafiti wa mimea ya nchi za joto. INERA ya leo ni mrithi wake.

Na kule kusini, mji wa madini ulizaliwa ukiwa na njaa. Reli iliyotoka Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo, ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Septemba 1910, na kwa reli hiyo ukaja unga wa mahindi wa kulisha wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Mji ulijengwa juu ya shaba, si juu ya mashamba. Wakoloni walijaribu kuleta walowezi wa kulima, wakanunua mahindi ya vijijini ya kaskazini na ya Kasai, lakini jicho la mji lilibaki linatazama kusini. Zaidi ya miaka 110 baadaye malori ya unga bado yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Anayemwambia waziri wa leo kwamba yeye ndiye aliyeleta utegemezi huu hajautazama umri wake.

Mawaziri wa majimbo wa kwanza walikuja na uhuru. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliyapa majimbo 6 ya wakati huo mabunge na serikali zao, kila moja na rais wa jimbo na mawaziri. Mpango huo haukupata hata wiki mbili za utulivu. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitangazia uhuru chini ya Moïse Tshombe, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Wakati huo huo majimbo yakaanza kukatwakatwa, yakafika 21 pamoja na jiji kuu. Kivu peke yake ikatoa Kivu Kaskazini, Kivu ya Kati na Maniema. Kila kijimbo kikawa na mawaziri wake, wengi wao vijana waliokuwa makarani miaka miwili nyuma, wakikabidhiwa idara ambazo wataalamu wake wa Kibelgiji walikuwa wamekimbia. Ni miaka ambayo tunaisimulia kwa dharau, na nadhani tunakosea. Watu wale hawakupewa muda, pesa wala mafunzo, na bado walidai kwamba mambo ya shamba yaamuliwe karibu na shamba.

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka uliofuata akapunguza majimbo hadi 12, kisha 8, na serikali za majimbo zikafutwa. Gavana akawa mtumishi wa Kinshasa, akihamishwa mbali na kwao ili asiwe na mizizi. Hapo ndipo shimo linapoanza. Kwa takriban miaka 40 nchi haikuwa na waziri wa kilimo wa jimbo mwenye kujibu mbele ya bunge la jimbo lililochaguliwa. Katika kipindi hicho mashamba makubwa ya kahawa, chai na michikichi yalichukuliwa kutoka kwa wageni kufuatia tangazo la tarehe 30 Novemba 1973, yakagawiwa watu wengi wasiojua kuyaendesha, na mengi yakafa. Barabara za vijijini zikameza magari. Agronomu akabaki na cheo bila kazi.

Kiti kilirudi 2007, baada ya Katiba mpya na uchaguzi. Mabunge ya majimbo yakachagua magavana, akiwemo Moïse Katumbi huko Katanga na Julien Paluku huko Kivu Kaskazini, nao wakaunda serikali. Mwaka 2015 yale majimbo 11 ya wakati huo yakavunjwa kuwa 26. Katanga ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa kilimo, mgawanyo huo ulikuwa na maana kubwa: migodi tajiri ilibaki Haut-Katanga na Lualaba, na sehemu kubwa ya ardhi ya kulima na maziwa ya samaki ikaenda Haut-Lomami na Tanganyika. Mwenye pesa na mwenye udongo wakawekewa mpaka katikati.

Turudi kwenye unga

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la Februari. Mfuko wa unga sokoni Lubumbashi umepitia mikono ya nani?

Kama mahindi yametoka Zambia, mkono wa kwanza ni wa serikali ya Lusaka. Zambia imewahi kufunga mauzo ya mahindi na unga nje mara kadhaa inapoona watu wake watapungukiwa. Mwaka 2024 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa. Mkono wa pili ni forodha ya Kongo, ambayo ni ya taifa. Wa tatu ni thamani ya faranga mbele ya dola. Waziri wa kilimo wa jimbo hayuko popote katika safari hiyo. Ule uwezo wa kupanga bei ulioandikwa kwenye kifungu cha 204 hauwezi kumlazimisha mfanyabiashara kuuza kwa hasara; ukiutumia kwa nguvu, unga unatoweka dukani na kurudi gizani kwa bei ya juu zaidi.

Kuna pia unga na mahindi ya Kaniama-Kasese, huko Haut-Lomami, yanayolimwa na Huduma ya Taifa kwa kazi ya vijana waliochukuliwa mitaani Kinshasa. Shehena zake zinapofika Lubumbashi au Mbuji-Mayi, watu humshukuru waziri wa kilimo wa jimbo, au humlaumu zisipofika. Huduma ya Taifa iko chini ya Urais. Vivyo hivyo bustani ya viwanda vya kilimo ya Bukanga-Lonzo, iliyozinduliwa 2014 na kuishia mahakamani, ambako Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ngumu. Ule ulikuwa mradi wa serikali kuu tangu mwanzo. Kuutaja kama ushahidi kwamba mawaziri wa majimbo hawafai ni kuwahukumu kwa kesi ya mwingine.

Jimbo likitaka, linaweza kufanya jambo. Katumbi alipokuwa gavana aliyataka makampuni ya madini ya Katanga kila moja lilime hekta 500. Matokeo yalitofautiana, kwa sababu kampuni ya shaba inalima kama kampuni ya shaba, yaani kwa shingo upande. Lakini angalia nani alitoa agizo: gavana. Pesa zilitoka mifukoni mwa migodi. Waziri wa kilimo wa jimbo anakuwa na nguvu pale tu gavana anapokitaka kilimo, na ni kosa kumpima waziri bila kumtazama aliyemteua.

Bariyeri, vile vizuizi vya kutoza pesa barabarani, nazo zina ramani yake. Mkulima anayetoa mihogo Kambove kwenda Lubumbashi, au ndizi Walikale kwenda Goma, hulipa njiani kwa watu wengi: askari, wakala wa usalama, mtoza ushuru wa chifu, wa teritwari, wa jimbo. Nyingi ya tozo hizo si za waziri wa kilimo. Tozo za jimbo hukusanywa na idara ya mapato ya jimbo, ambayo huko Haut-Katanga ni DRHKAT, chini ya wizara ya fedha ya jimbo. Hata hivyo tozo halali ya jimbo juu ya zao lazima itokane na sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo. Kwa hiyo waziri wa kilimo anayekaa kimya wakati tozo mpya juu ya gunia inapopitishwa hawezi kusema hakuwepo. Alikuwepo, kwenye meza ya baraza la mawaziri.

Pale ambapo kiti ni kitupu

Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Magavana wakawa majenerali, na serikali za majimbo pamoja na mabunge yake zikasimamishwa. Kwa maneno mengine, mawaziri wa kilimo wa majimbo hayo waliacha kuwepo. Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari.

Kivu ina misimu miwili: ule unaoanza Septemba na ule unaoanza Februari. Mkulima wa Rutshuru au Masisi aliyekimbia na godoro kichwani hupoteza msimu mzima kwa wiki mbili za mapigano, na mbegu alizokuwa amezihifadhi zinaliwa kambini. Nani anapanga mbegu za msimu unaofuata? Nani anafuatilia mnyauko wa migomba, ambao ulionekana Masisi tangu 2001 na ambao hauzuiliki bila watu kukata migomba iliyougua kwa pamoja, kijiji kwa kijiji? Mashirika yanafanya sehemu yake. Lakini shirika linajibu kwa mfadhili wake. Halina bunge la jimbo la kulihoji. Mtu anayesema waziri wa jimbo hana kazi yoyote aende akaulize kwenye mashamba ya Lubero.

Yaliyo mkononi mwake kweli

Waziri wa kilimo wa jimbo anaweza kuulizwa, na lazima aulizwe, ni agronomu wangapi wako mjini wakati teritwari hazina mtu, kwa sababu kuwapanga ni kazi ya jimbo. Anaweza kuulizwa kama programu yake ya kilimo ipo kwenye karatasi na kama wabunge wa jimbo wameiona. Kama mabaraza ya ushauri ya kilimo ya teritwari, yale ya CARG, yanaitishwa au yamebaki mhuri tu. Kama mbegu zilizogawiwa zilikaguliwa, au mkulima alipewa mahindi ya chakula yaliyopakwa rangi. Kama pembejeo, ambazo sheria ya 2011 inazisamehe ushuru wa kuingia nchini, zinatozwa tena kwa jina jingine zikifika jimboni. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ruhusa ya Lusaka wala dola ya Kinshasa.

Swali ninaloliona zito kuliko yote ni la tarehe. Mwaka wa bajeti unaanza Januari na kuisha Desemba. Mvua ya Katanga inaanza Oktoba au Novemba, na mahindi lazima yawe ardhini mapema. Bunge la jimbo hujadili bajeti katika kikao chake kinachofunguliwa mwishoni mwa Septemba. Bajeti inayojadiliwa wakati huo itaanza kutumika Januari, mahindi yakiwa tayari yamefika magotini. Maana yake, mbegu na mbolea za Novemba hii zilipaswa kuandikwa kwenye bajeti iliyopigiwa kura mwaka mmoja nyuma, na pesa zake kutoka kufikia Julai au Agosti, ili malori yapite kabla barabara za Mitwaba na Pweto hazijageuka tope.

Kwa hiyo mwananchi wa Lubumbashi anayetaka kujua kama waziri wake wa kilimo anafanya kazi asimsubiri Februari, mbele ya mfuko wa unga. Amwendee mbunge wake wa jimbo mwezi Agosti na amwombe aulize jambo moja kwa maandishi: fungu la mbegu la bajeti ya mwaka huu limetoka kiasi gani, limefika teritwari gani, na tarehe ngapi.